Je, daftari la wasaidizi wa kisheria linatosha kuthibitisha kwamba bodaboda wanaonewa?

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Temeke. Ofisi yetu ipo jirani na kituo cha daladala, na tuna daftari la watu wote waliofika kwetu baada ya kukamatwa, lenye tarehe ya kukamatwa na ya kufikishwa mahakamani. Zaidi ya nusu ni vijana wa bodaboda. Wenzangu wanataka tuwaandikie wakubwa barua kwamba polisi wanawaonea bodaboda, na tupendekeze askari waongezewe mishahara ili rushwa ipungue. Mimi nasita. Daftari letu linatosha kusema hivyo? Kama halitoshi, tuandike nini ili litoshe? Halafu, kila tukiingia mahabusu tunakuta watu wa siku nyingi. Tukisema "wengi wanakaa karibu mwaka mzima" tutakuwa tumesema kweli?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Barua hiyo msiipeleke bado, ila daftari msilifunge. Lilivyo sasa haliwezi kubeba neno "kuonewa". Linaweza kubeba mambo mengine mazito nitakayoyataja, na kwa kazi ya miezi michache mnaweza kupata ushahidi ambao mkuu wa polisi wa wilaya atalazimika kuujibu kwa hoja. Nianze na kinachokosekana, kwa sababu ndicho kinachokosekana pia katika takwimu nyingi za jinai tunazosomewa kwenye taarifa ya habari.

Jina la mtu halifiki kwenye daftari lenu kwa kukamatwa tu. Kijana alisimamishwa barabarani, askari akaona onyo halitoshi, hawakumalizana palepale, akapelekwa kituoni, hakupata wa kumdhamini upesi, mtu akamwambia kuna ofisi inayosaidia bure, naye akapata nafasi ya kuja. Katika kila hatua kuna wanaobaki nyuma. Mwenye gari lake binafsi aliyekamatwa siku hiyohiyo alimpigia shemeji yake wakili, akatoka, wala hamkumwona. Bodaboda aliyetoa kitu kidogo pale Mtoni akaendelea na safari hamkumwona pia, na huenda ndiye aliyeonewa kuliko wote. Ongeza kwamba ofisi yenu ipo jirani na kituo cha daladala, mahali ambapo pikipiki hazikosekani. Kusema zaidi ya nusu ya waliofika kwenu ni bodaboda ni kusema kweli juu ya waliofika kwenu. Ukitaka kusema juu ya wote waliokamatwa Temeke, au juu ya namna askari anavyoamua amsimamishe nani, unahitaji kitu kingine.

Nalikazia hili kwa sababu kosa lake linaweza kuelekea upande wowote. Wengi hudhani orodha ya namna hii daima hukuza tatizo. Mwaka 2020 watafiti watatu, Dean Knox, Will Lowe na Jonathan Mummolo, walionyesha kwamba kumbukumbu za polisi zinazoanzia pale mtu aliposimamishwa zinaweza kuuficha ubaguzi uliopo. Fikiria askari anayewasimamisha wenye magari pale tu anapoona kosa kubwa, lakini anasimamisha bodaboda yeyote anayepita. Kati ya bodaboda hao wengi hawana kosa, basi anawaachia. Kati ya wenye magari karibu wote wana kosa, basi anawaandikia. Ukichukua kitabu chake na kutazama waliosimamishwa tu, utaona bodaboda ndio wanaoachiwa zaidi, utasema askari huyu anawapenda. Uonevu umefanyika kabla ya mstari wa kwanza wa kitabu kuandikwa.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Daftari lenu lina kiasi tu. Asili yake ni ipi? Wengi watakimbilia sensa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam, lakini sensa humhesabu mtu alipolala, na askari wa barabarani hakutani na mtu alipolala. Bodaboda yupo barabarani tangu alfajiri mpaka usiku. Mtumishi wa ofisini hupita asubuhi na jioni. Anayepita mbele ya askari mara 20 kwa siku atasimamishwa mara nyingi kuliko anayepita mara 2, hata kama askari anachagua kwa macho yaliyofumbwa. Kwa hiyo asili mnayoitaka ni mapito, si watu.

Hili liliwahi kufanyika, likafika mahakamani, na njia iliyotumika haina gharama kubwa. Katika miaka ya 1990 madereva weusi wa jimbo la New Jersey walilalamika kwamba polisi wa barabara kuu wanawasimamisha kwa rangi yao. Mwanasaikolojia John Lamberth akapanga watu wakae kando ya barabara na kuhesabu magari yanayopita, zaidi ya 42,000, wakiandika yapi yana watu weusi ndani. Yalikuwa takriban asilimia 13.5. Kisha akauliza swali la pili ambalo upande wa serikali ungeliuliza tu: labda weusi ndio wanaokimbiza magari? Akapanga gari liende kwa mwendo maalumu na kuandika linapitwa na nani. Karibu kila mtu alikuwa anavunja sheria ya mwendo, asilimia 98 hivi, na weusi walikuwa takriban asilimia 15 ya wavunjaji hao. Kati ya waliosimamishwa, lakini, weusi walikuwa zaidi ya theluthi moja. Mwaka 1996 mahakama ya jimbo hilo iliukubali ushahidi huo katika shauri la washitakiwa 17. Tazama nguvu ilikotoka. Orodha ya waliosimamishwa ilikuwapo muda wote. Jipya lilikuwa ni hesabu ya wanaopita na hesabu ya wanaokosea.

Mnaweza kufanya mfano wa hilo kwenye barabara ya Kilwa. Chagueni sehemu tatu au nne ambako trafiki husimama mara kwa mara. Watu wawili wakae barazani, mmoja ahesabu vyombo vyote vinavyopita kwa aina (pikipiki, bajaji, daladala, gari binafsi, lori), mwingine aandike vinavyosimamishwa. Wahesabu pia makosa yanayoonekana kwa macho kwa kila aina: asiye na kofia ngumu, mishikaki (abiria wawili au zaidi), aliyepita taa nyekundu, daladala lililopakia nje ya kituo. Saa na siku mzipange kwa kura, msiende tu siku mtu anapopata nafasi, maana Jumatatu asubuhi na Jumamosi usiku ni barabara mbili tofauti. Mwenyekiti wa mtaa ajue, mkuu wa kituo apewe barua mapema, na msipige picha wala video ya askari. Najua mtaniambia kwamba askari akijua anahesabiwa atabadilika. Atabadilika kweli, siku za mwanzo hasa. Ndiyo maana muendelee wiki kadhaa, na ndiyo maana hesabu ya barazani peke yake haitoshi.

Kuna mbinu moja nzuri ambayo vijana wa vyuo huniuliza sana, nami nashauri waiache kwa hapa kwetu. Mwaka 2006 Jeffrey Grogger na Greg Ridgeway walitafuta namna ya kupima ubaguzi bila kuijua asili kabisa. Wakasema: giza likiingia askari hamwoni dereva vizuri. Kwa hiyo chukua saa ileile ya jioni, ulinganishe siku ambazo saa hiyo kuna mwanga na siku ambazo tayari ni giza. Kama askari huchagua kwa rangi, sehemu ya weusi kati ya waliosimamishwa itapungua gizani. Mjini Oakland, California, hawakuona dalili kubwa. Baadaye watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walikusanya kumbukumbu za karibu misimamisho milioni 100 kutoka Marekani yote, na katika matokeo ya 2020 waliona sehemu ya weusi ikipungua kweli baada ya jua kuzama. Mbinu hiyo inategemea jua la Oakland, ambalo kwa saa zetu huzama mnamo saa 11 kasoro jioni mwezi Desemba, na Juni huzama saa 2 na nusu usiku. Dar es Salaam tuko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta. Jua letu huzama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45, mwaka mzima. Nusu saa hiyo ni ndogo mno kwa kulinganisha chochote, na isitoshe pikipiki hujulikana kuwa pikipiki hata gizani.

Kinachotufaa zaidi ni kuuliza kilichopatikana. Jiji la New York kati ya Januari 2004 na Juni 2012 lilisimamisha watu barabarani mara milioni 4.4. Asilimia 52 ya misimamisho hiyo iliwahusu weusi, asilimia 31 wenye asili ya Kilatino. Mwaka 2007 watafiti Andrew Gelman, Jeffrey Fagan na Alex Kiss walikuwa tayari wamechapisha uchambuzi wa misimamisho kama 125,000 ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuona kwamba weusi na Walatino walisimamishwa zaidi hata baada ya kuzingatia uhalifu wa kila eneo na idadi ya waliokamatwa wa kila kundi. Lakini kilichomgusa jaji Shira Scheindlin, alipotoa hukumu mwezi Agosti 2013, kilikuwa pia hiki: asilimia 88 ya waliosimamishwa waliachiwa bila kukamatwa wala kuandikiwa shitaka. Silaha ilikamatwa katika asilimia 1.0 ya misimamisho ya weusi na asilimia 1.4 ya weupe. Yaani weusi walisimamishwa kwa dalili dhaifu zaidi. Jiji lilionywa kwamba likiacha, mauaji yatapanda. Misimamisho ilishuka kutoka 685,724 mwaka 2011 hadi chini ya 50,000 mwaka 2014, na mauaji yakaendelea kushuka: 515 mwaka 2011, 292 mwaka 2017. Sisemi kupunguza misimamisho ndiko kulikopunguza mauaji. Miji hubadilika kwa sababu nyingi. Onyo lile, hata hivyo, halikutimia.

Kwenu swali linakuwa: kati ya bodaboda waliosimamishwa, wangapi walikutwa na kosa la kweli, na kati ya bajaji, na kati ya magari? Kama bodaboda 100 husimamishwa na 20 tu ndio wana kosa, wakati magari 100 husimamishwa na 70 wana kosa, hapo mna hoja nzito. Ila msiishike kama amri isiyo na shaka. Kosa la kofia ngumu huonekana kabla ya kusimamisha, la leseni iliyokwisha muda halionekani mpaka usimamishe. Aina za makosa zikitofautiana kati ya vyombo, asilimia zitatofautiana hata kwa askari mwadilifu. Kwa hiyo linganisheni kosa kwa kosa: leseni kwa leseni, bima kwa bima.

Sasa daftari jipya. Hapa ndipo ningependa mtumie nguvu zenu, kuliko barazani. Vijiwe vya bodaboda vina viongozi na orodha za wanachama. Ombeni orodha za vijiwe vya kata mnazohudumia, muwateue waendeshaji 60 kwa kura. Msichukue wanaojitolea, maana anayejitolea mara nyingi ni mwenye kisa. Chukueni kwa njia hiyohiyo bajaji 60. Kila mmoja apigiwe simu siku ileile kila wiki na kuulizwa maswali yaleyale: wiki hii uliendesha siku ngapi na saa ngapi, ulisimamishwa mara ngapi, wapi, saa ngapi, uliambiwa kosa gani, iliishaje. Wiki ambayo hakusimamishwa iandikwe sifuri, isirukwe. Hizo sifuri ndizo zitakazowapa asili ambayo daftari la sasa halina. Baada ya miezi sita mtaweza kusema bodaboda husimamishwa mara ngapi kwa kila saa 100 za kuendesha, na bajaji mara ngapi, na wangapi walitoa pesa bila risiti. Hakuna kumbukumbu ya serikali itakayowapa namba hiyo ya mwisho.

Kama mnadhani kazi hiyo haiwezekani, wapo waliofanya ngumu zaidi. Jimboni Aceh, Indonesia, Benjamin Olken na Patrick Barron waliweka wakusanya takwimu ndani ya malori kama matingo, safari 304, wakiandika kila malipo haramu kwa polisi, wanajeshi na mizani. Waliandika zaidi ya 6,000.

Mtakapoanza kupata namba, jihadharini na idadi ndogo. Kijiwe kimoja kikiwa na wastani wa kukamatwa 9 kwa mwezi, mwezi mmoja wa 13 na mwingine wa 5 si habari. Kwa matukio ya namna hii, chukua kipeuo cha pili cha wastani, hapa ni 3, zidisha kwa 2. Kupanda au kushuka kwa 6 ni jambo la kawaida kabisa bila mtu yeyote kubadili chochote. Nimeona waandishi wa habari wakiandika kwamba uhalifu "umepanda mara mbili" kwenye kata kwa matukio 4 kuwa 8. Na msako mmoja tu, kama ule wa kuwatafuta vijana wanaoitwa Panya Road, unaweza kujaza kitabu cha mwezi mzima kwa usiku mmoja.

Hapo nisimame kidogo kwenye takwimu rasmi, maana mtazitumia. Jeshi la Polisi pamoja na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa taarifa za uhalifu na matukio ya barabarani, na ni vizuri kuzisoma. Lakini zisomeni kwa mafungu mawili. Kuna makosa ambayo mwananchi hupeleka mwenyewe: mauaji, wizi wa gari, kuvunja nyumba. Na kuna makosa ambayo huonekana pale tu askari anapoyatafuta: bangi, gongo, uzururaji, makosa ya barabarani. La kwanza likipanda, huenda uhalifu umepanda au watu wameanza kuamini kituo. La pili likipanda, mara nyingi kazi ya polisi ndiyo iliyopanda. Mbelgiji Adolphe Quetelet aliliona hili tangu miaka ya 1830: makosa yanayoandikwa yanaweza kulinganishwa mwaka kwa mwaka endapo tu uwiano kati ya yanayojulikana na yasiyojulikana haubadiliki. Kwa ukatili wa majumbani uwiano huo ni mbaya sana. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15, na wengi wa walioomba msaada waliuomba kwa ndugu, si polisi. Kwa hiyo Dawati la Jinsia na Watoto likipokea malalamiko mengi mwaka huu kuliko mwaka jana, mimi hufurahi kwanza ndipo niulize maswali.

Swali lako la mahabusu ni zuri kuliko unavyodhani. Hamtakuwa mmesema uongo, ila mtakuwa mmesema jambo tofauti na mnalodhani. Tuseme kila siku wanaingia mahabusu watu 10. Tisa kati yao hupata dhamana baada ya siku 10. Mmoja, kwa kuwa shitaka lake halina dhamana, hukaa siku 360. Siku yoyote mtakayoingia, mtakuta ndani watu 90 wa muda mfupi na watu 360 wa muda mrefu. Wanne kati ya watano mtakaozungumza nao ni wa muda mrefu, ingawa kati ya wanaoingia ni mmoja tu katika kumi. Wastani wa kukaa kwa anayeingia ni siku 45. Wastani wa kukaa kwa mliyemkuta ndani ni siku 290. Namba zote mbili ni za kweli. Ya kwanza inajibu: kijana akikamatwa leo, ategemee nini? Ya pili inajibu: vitanda na chakula vya magereza ya Keko na Segerea vinatumiwa na nani? Ukichanganya majibu, ofisa magereza mwenye kitabu cha kuingia atakuumbua mbele ya watu, na hoja yako yote itaanguka nayo.

Kwa hiyo msiseme "wengi hukaa mwaka". Semeni "siku tuliyoingia, kati ya watu kadhaa tuliozungumza nao, kadhaa walikuwa wamekaa zaidi ya miezi sita". Na mkipata ruhusa ya kitabu cha kuingia, chukueni wote walioingia mwezi mmoja mzima, muwafuate mmoja mmoja hadi atoke. Wale ambao hawajatoka mwishoni mwa utafiti msiwatupe. Andikeni "siku 200 na bado yupo". Mkiwatupa mtakuwa mmewatupa wenye taabu kubwa kuliko wote. Badala ya wastani tumieni mtu wa katikati: nusu ya walioingia walikuwa wametoka ndani ya siku ngapi?

Hapa kuna kazi nyingine kubwa inayosubiri mtu. Mwaka 2022 Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilirekebishwa ili hati ya mashtaka isifunguliwe mahakamani upelelezi ukiwa haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Kabla ya hapo "upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine" ilikuwa sauti ya kila asubuhi. Mwaka uliofuata Rais Samia aliunda Tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikakabidhi ripoti Julai 2023. Sheria ikibadilika tarehe inayojulikana, na kuacha fungu moja la makosa nje, mtakwimu amepewa zawadi: linganisha kabla na baada kwa makosa yaliyoguswa, kisha tazama kama makosa makubwa yamebadilika vilevile. Lakini mhesabu na siku za selo. Sheria inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana ya polisi, isipokuwa kwa makosa makubwa. Kama siku za mahabusu ya gereza zimepungua na siku za kituoni zimeongezeka, au mtu anatoka kwa dhamana ya polisi na kuripoti kila wiki bila mwisho, kusubiri kumehama tu. Daftari lenu lina tarehe ya kukamatwa na tarehe ya kufikishwa mahakamani kwa kila mtu. Hilo ni dhahabu, na ndiyo hoja ambayo mnaweza kuitoa hata leo, kwa sababu kipimo cha saa 24 kimo ndani ya sheria yenyewe na hakihitaji kulinganisha kundi na kundi.

Kuhusu mishahara, someni kwanza yaliyotokea Ghana. Mwaka 2010 serikali yao iliongeza mishahara ya polisi takriban mara mbili. Jeremy Foltz na Kweku Opoku-Agyemang walikuwa na kumbukumbu za malori ya Afrika Magharibi, kabla na baada. Hawakutazama polisi wa Ghana peke yao. Waliwalinganisha na forodha wa Ghana, ambao hawakuongezewa, na pia na polisi wa Burkina Faso. Wakakuta polisi wa Ghana wameongeza juhudi za kudai, na walichopata kwa kila lori kimepanda. Askari wetu wanastahili mshahara mzuri na nyumba nzuri, hilo nalitetea popote, ila lisiandikwe kama dawa ya rushwa bila usimamizi wowote.

Vivyo hivyo polisi jamii. Mwaka 2021 yalichapishwa majaribio ya nchi sita, Uganda ikiwemo, ambako maeneo yalichaguliwa kwa kura kupata polisi jamii au kubaki kama zamani. Raia 18,382 walihojiwa. Imani haikupanda, uhalifu haukushuka. Sababu mojawapo iliyotajwa ni uhamisho wa mara kwa mara wa askari waliofundishwa. Nchini India, jimboni Rajasthan, vituo 162 viliingizwa kwenye jaribio la namna hiyo, na yaliyosaidia yalikuwa mafunzo na kusitisha uhamisho wa ghafla. Kama mnatafuta pendekezo, ningeanzia kwenye uhamisho.

Kabla ya kukusanya chochote: majina yakae daftari moja lililofungiwa, majibu yakae jingine lenye namba tu, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na kijana aliyetaja rushwa anaweza kuumia. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalifanya kutoa namba zinazopinga takwimu rasmi kuwa jinai, yakawatia watu hofu. Ya 2019 yaliondoa jinai hiyo, ila utaratibu wa kufuata bado upo, mwombeni wakili wenu aupitie.

Barua ya kwanza iende kwa mkuu wa polisi wa wilaya, si kwa magazeti, na iombe namba pamoja na kutoa namba. Ningeiandika hivi: "Kati ya watu waliofika ofisini kwetu kwa mwaka uliopita, hawa wametueleza kuwa walikaa kituoni zaidi ya saa 24 kabla ya kufikishwa mahakamani au kupewa dhamana, idadi yao kwa kila mwezi tumeiambatisha. Tunafahamu kwamba wanaofika kwetu hawawakilishi wote waliokamatwa. Kwa hiyo tunaomba idadi ya wote walioandikwa kwenye vitabu vya kituo kwa miezi hiyo, bila majina, kwa aina ya kosa na saa walizokaa, ili tulinganishe pamoja nanyi."